Kwenda Disney Orlando na Watoto Wadogo: Anza na Futi Kamba

Kabla hujatafuta nauli, kabla hujaulizia hoteli, msimamishe mtoto ukutani akiwa na viatu vile vile atakavyovaa safarini. Weka kitabu utosini, piga alama ya penseli, kisha shusha futi kamba. Andika kimo chake kwa inchi, kwa kuwa ndizo zinazotajwa kwanza kwenye vibao vya Florida. Namba hiyo ndiyo itakayoamua mwende bustani ipi, mkae siku ngapi, na ni pesa ipi ya kubaki mfukoni.

Walt Disney World, iliyoko kusini magharibi mwa jiji la Orlando, Florida, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ikiwa na bustani moja ya michezo ya kupanda, Magic Kingdom. Leo zipo nne: hiyo ya kwanza, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Kila moja inatosha kummaliza mtu mzima kwa siku, sembuse mtoto wa miaka mitatu.

Michezo mingi mikubwa ya kupanda ina kipimo cha chini cha kimo. Katika Magic Kingdom, rolakosta (treni ya kasi ya kupanda na kushuka) ndogo ya Barnstormer inataka inchi 35 (sentimita 89), Seven Dwarfs Mine Train inchi 38 (sentimita 97), mtumbwi wa Tiana's Bayou Adventure unaoporomoka majini inchi 40 (sentimita 102), Space Mountain inchi 44 (sentimita 112), na TRON inchi 48 (sentimita 122). Hollywood Studios, Slinky Dog Dash ni inchi 38 na Tower of Terror inchi 40. Animal Kingdom, Expedition Everest na Flight of Passage zote ni inchi 44.

Mlangoni pa mchezo wa namna hiyo yupo mhudumu mwenye mti wa kupimia. Viatu vinahesabiwa, nywele hazihesabiwi: ukimfunga mwanao mabutu juu ya utosi, mhudumu ataubonyeza mti mpaka uguse kichwa chenyewe. Akipungukiwa nusu inchi hapandi, na kilio hakisaidii, maana kipimo kile kimewekwa kwa ajili ya mkanda na chuma kinachomzuia mtoto asichomoke. Kwa hiyo usimwahidi mtoto mchezo ambao hujampimia nyumbani. Mtoto aliyesubiri miezi miwili akaja kukataliwa mlangoni huiharibu asubuhi yote, na hana kosa.

Kinachofariji ni kwamba Magic Kingdom imejaa michezo isiyo na kipimo: Dumbo, Peter Pan's Flight, Winnie the Pooh, boti za "it's a small world", farasi wa kuzunguka, vikombe vya chai, Jungle Cruise, na treni ndogo ya PeopleMover, kwenye sehemu iitwayo Tomorrowland. Hata mtoto wa miezi sita anapakatwa akapanda. Ila kutokuwa na kipimo si kutotisha. Haunted Mansion ni giza na mizuka tangu mlangoni. Pirates of the Caribbean ina poromoko fupi gizani na milio ya mizinga. Kama mwanao analala taa ikiwa imewashwa, mtangulize kwenye "it's a small world", uone anavyopokea kupanda boti ndani ya jengo, ndipo uamue hayo mengine.

Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka sita, nasema bila kuzunguka: Magic Kingdom siku mbili, Animal Kingdom siku moja, inatosha. EPCOT na Hollywood Studios zitawangoja wakue. Hata Epic Universe, bustani ya kampuni nyingine iitwayo Universal, iliyofunguliwa tarehe 22 Mei 2025 na inayozungumzwa kila kona, imelenga zaidi watoto wakubwa. Mkitaka nyongeza ya wadogo, bustani ya Legoland iko mji wa Winter Haven, mwendo wa kama saa moja kwa gari, na pembeni yake ipo bustani ya katuni ya Peppa Pig.

Tiketi za siku hizo tatu zina jambo ambalo wengi hawalijui: tiketi ya siku 3 hutumika ndani ya kipindi cha siku 5. Hapo ndipo pa kupanga kwa akili. Jumatatu Magic Kingdom, Jumanne bwawa la hoteli na usingizi, Jumatano Animal Kingdom, Alhamisi mapumziko tena, Ijumaa mkamalizie Magic Kingdom. Familia zinazobana siku tatu mfululizo ili "pesa isipotee" huipoteza siku ya tatu kwa watoto wanaolia tangu saa 4 asubuhi.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Kuanzia miaka 3 hadi 9 analipiwa tiketi ya mtoto, ambayo ni nafuu kidogo tu, na kuanzia 10 analipiwa kama mtu mzima. Bei hupanda na kushuka kwa tarehe. Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ya mtu mzima ilianzia dola 119, na Magic Kingdom siku za Krismasi ikafika dola 199. Maegesho ya gari yalikuwa dola 30 kwa siku, isipokuwa kwa waliolala hoteli za Disney. Na ukimwona mtu kando ya barabara anauza tiketi "iliyobaki siku mbili", mpite. Tiketi haihamishiki, na mlangoni mtu mzima huweka kidole kwenye mashine.

Tarehe. Wiki kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wiki ya sikukuu ya Marekani ya Thanksgiving mwezi Novemba, na likizo za shule za Machi na Aprili zina watu tele na bei juu. Mwisho wa Agosti na Septemba pana nafasi, lakini joto hupita kiwango cha kuvumilika kwa mtoto mchanga: nyuzi 32 au 33, na unyevu kama wa Tanga mwezi Februari. Msimu wa vimbunga nao huanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Kama mtoto bado haendi shule, mwisho wa Januari ni kipindi kizuri, ila chukua masweta kwa ajili ya asubuhi na usiku. Kiangazi cha kule, ngurumo huja karibu kila alasiri, na radi ikikaribia, michezo yote ya nje husimamishwa. Familia nyingi huondoka bustanini wakati huo. Ninyi vaeni makoti ya mvua mliyonunua dukani mjini, mngoje ndani ya maonyesho. Mvua ikikatika foleni zinakuwa zimepungua.

Upande wa malazi, tatizo la familia zetu ni idadi. Chumba cha kawaida katika hoteli za bei nafuu za Disney, kama zile za All-Star na Pop Century, kinapokea watu 4 pamoja na mtoto mmoja wa chini ya miaka 3 anayelala kwenye kitanda cha kichanga. Mkiwa na watoto wanne, au bibi amekuja kutoka nyumbani na mnataka awe nanyi, tafuta vyumba vya familia vya Art of Animation au vya All-Star Music, vinavyobeba watu 6. Nje ya Disney, nyumba za kukodi za Kissimmee zina jiko kamili na bei yake mara nyingi ni ndogo kwa kichwa. Gharama yake ni umbali. Mpango mzima wa mtoto mdogo unategemea kurudi kulala mchana, na dakika 40 za barabarani kwenda na nyingine 40 kurudi zinautafuna mpango huo. Watoto wakiwa bado wanalala mchana, mimi ningelala karibu hata chumba kiwe kidogo.

Usafiri kutoka uwanja wa ndege unawachanganya wanaosoma ushauri wa zamani. Basi la bure la Disney kutoka uwanja wa Orlando liliacha kufanya kazi Januari 2022. Sasa mnalipia basi au mnakodi gari, na sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 kushuka chini awe kwenye kiti chake cha gari, hata safari iwe fupi. Mashirika ya ndege ya Marekani kwa kawaida hubeba kiti hicho bila malipo. Ndani ya eneo la Disney mabasi ni bure na hayadai kiti, ila kigari cha mtoto lazima kikunjwe kabla ya kupanda. Jizoezeni nyumbani kukikunja kwa mkono mmoja huku mtoto yuko mgongoni au begani, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Kigari chukueni, hata kama mtoto ana miaka mitano na anakimbia kutwa nyumbani. Mtatembea kilomita nyingi. Mwisho wa ukubwa unaoruhusiwa ni inchi 31 kwa upana na 52 kwa urefu, na vile vitoroli vya kuvuta haviruhusiwi tangu mwaka 2019. Vya kukodi ndani ya bustani ni vya plastiki ngumu, havilazi mgongo wa mtoto, na haviruhusiwi kutoka nje, kwa hiyo mkifika getini mnamnyanyua mtoto mikononi hadi kwenye basi.

Na chukua kanga. Nasema hili kwa moyo wote, maana hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi zake. Kila mchezo una eneo la kuegesha vigari, na vinakaa mamia kwa mamia, vingi rangi moja. Wahudumu huvisogeza ili kupata nafasi, hivyo hukikuti ulipokiacha. Kipande cha kanga nyekundu kilichofungwa kwenye mpini unakiona toka mbali. Kanga ya pili inatandikwa chini mkingoja gwaride, inafunika titi wakati wa kunyonyesha, inakausha mtoto aliyelowa. Jambo moja ulikumbuke: usikifunike kigari chote kwa kanga mtoto akiwa ndani juani. Hewa hukwama na joto hupanda haraka. Funika upande wa jua tu, mbele pabaki wazi.

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa. Chupa za glasi haziruhusiwi, isipokuwa zile ndogo za chakula cha mtoto, wala pombe, wala barafu ya vipande ndani ya mfuko. Tumia vile vipakiti vya baridi vinavyogandishwa. Chapati zilizokunjwa na nyama ya kusaga kavu, maandazi, ndizi, mayai ya kuchemsha: haya yanavumilia hadi mchana, na yanawaondolea wanaokula halali wasiwasi wa kuuliza kila kaunta. Chochote chenye mchuzi au nazi kiache hotelini. Maji msinunue. Mikahawa ya kaunta inayotoa vinywaji hutoa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba.

Kila bustani ina Kituo cha Huduma ya Watoto Wachanga. Magic Kingdom kiko mwisho wa Main Street, barabara ya kuingilia bustanini, jirani na mkahawa wa Crystal Palace. Mle mna meza za kubadilishia, chumba tulivu cha kunyonyeshea, maikrowevu ya kupashia chakula, na pampasi za kununua zikiwaishia. Ni baridi na kimya, na mtoto aliyechanganyikiwa na makelele hutulia. Hapo hapo ndipo watoto waliopotea hupelekwa. Kwa hiyo kila asubuhi mpige mtoto picha kwa simu akiwa na nguo za siku hiyo, mwandike namba yako mkononi kwa kalamu isiyofutika, na mfundishe kumtambua mhudumu kwa kile kibao cha jina kifuani.

Tukija kwenye siku yenyewe, saa mbili za mwanzo zina thamani kuliko nne za mchana. Waliolala hoteli za Disney wanaingia dakika 30 kabla ya wengine. Mnaotoka nje na gari, kumbukeni kwamba maegesho ya Magic Kingdom hayako mlangoni. Mnaegesha ng'ambo ya ziwa, mnakaguliwa mifuko, kisha mnavuka kwa treni ya reli moja au kwa kivuko. Toka kwenye gari hadi getini hesabu dakika 45.

Mkiingia, nendeni moja kwa moja sehemu ya Fantasyland, kwa Peter Pan. Sababu ni ya hesabu: kila jahazi la mle linabeba watu wawili au watatu tu, kwa hiyo foleni yake haimezwi upesi siku nzima. Fuatisheni Winnie the Pooh, kisha Dumbo. Kinyume chake, "it's a small world" na PeopleMover hubeba watu wengi kwa mfululizo, basi ziwekeni za mchana. Ushauri mwingine wa zamani uliopitwa na wakati ni kuwapeleka watoto wakimbie kwenye kisiwa cha Tom Sawyer. Kilifungwa Julai 2025. Siku hizi pa kutoa nguvu ni kule kwenye maji ya Casey Jr., nyuma ya Dumbo. Uwe na nguo za kubadili na kandambili, maana watalowa mpaka shingoni.

Kuhusu foleni ya haraka ya kulipia, Lightning Lane Multi Pass: ilianza Julai 2024 kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani. Mnachagua michezo mitatu kwa saa maalumu kupitia programu ya simu. Wageni wa hoteli za Disney huanza siku 7 kabla ya kuingia hotelini, wengine siku 3 kabla ya siku ya bustani, na dirisha hufunguka 7:00 asubuhi ya Florida, yaani saa 1 asubuhi. Kama ndugu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam ndiye anayewafanyia, kwake ni saa 8 mchana Marekani ikiwa kwenye saa za kiangazi (Machi hadi Novemba), na saa 9 alasiri miezi mingine. Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo: tiketi za familia hazijaunganishwa kwenye akaunti moja, na mtu anagundua hivyo dakika ileile ya kuchagua. Ziunganishe wiki mbili kabla. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano tu, mkifika mapema, mnaweza kuacha kununua kabisa kwa Animal Kingdom. Magic Kingdom siku ya msongamano, ina faida.

Huduma moja ni bure na wengi hawaiombi: Rider Switch. Mkifika kwenye mchezo ambao mdogo hatoshi kimo, mwambieni mhudumu mlangoni. Mzazi mmoja anapanda, wa pili anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Familia yote isimame pale mlangoni wakati wa kuomba, mtoto akiwepo aonekane.

Saa 6 mchana tokeni. Hata kama kila mtu anasema bado. Mtoto wa miaka mitatu asiyelala hadi saa 9 hafurahii tena kitu, na nyinyi wazazi mnaanza kusemezana vibaya. Rudini hotelini, pazia lifungwe, walale hadi saa 9 na nusu, mrudi bustanini jua limepoa.

Animal Kingdom ina zawadi yake kwa watoto wetu. Kijiji chake cha Harambe, kwa "e" moja, kimebuniwa kwa kuangalia miji ya pwani ya Afrika Mashariki, Lamu ikiwa mojawapo. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani Minnesota au Texas, na shuleni hakuna anayekijua, anakutana na maneno ya mama yake yameandikwa ukutani, na wenzake wa darasani ndio wangehitaji mkalimani. Mpe nafasi ayasome kwa sauti. Kilimanjaro Safaris haina kipimo, lori huchukua kama dakika 20, na pandeni mapema asubuhi kabla joto halijawafukuza wanyama kivulini. Mdogo akae katikati, kwa sababu lori linarusha. Baada yake, onyesho la Festival of the Lion King ni la ndani, lina kiyoyozi, kama nusu saa. Mweleze mtoto kabla hamjaingia kwamba Simba ni simba, na Rafiki ni rafiki.

Karibu na hapo ipo hoteli ya Animal Kingdom Lodge, yenye majengo mawili yaitwayo Jambo House na Kidani Village. Hata msipolala huko, mkiwa na nafasi ya chakula kwenye mikahawa yake ya Boma au Sanaa, iliyowekwa hadi siku 60 kabla, mnaweza kusimama baadaye nyuma ya ukumbi na kutazama twiga wakila. Nendeni jua lingalipo, usiku hawaonekani vizuri.

Mwisho wa usiku Magic Kingdom ni fataki, na zina kishindo. Chukua vizuia sauti vya masikioni kwa mdogo, vile vya kufunika sikio lote. Zikiisha, maelfu ya watu huondoka kwa wakati mmoja, na foleni ya basi inakukuta na mtoto aliyelala ndani ya kigari mnachotakiwa kukikunja. Msitoke nao. Kaeni kwenye benchi la Main Street, mpe mkubwa maziwa yake, mbadilishe mdogo pampasi na umvalishe nguo za kulalia hapo hapo, mngoje nusu saa. Mlioegesha ng'ambo, chukueni kivuko: kigari kinaingia bila kukunjwa, na upepo wa ziwa hauwaamshi.